MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Karamu kwa Bi Leah



Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi habari ya karamu ya jamaa, yaani kile chakula ambacho watu wa nyumba moja hukusanyika kukila kwa sababu ya furaha: mtoto amefaulu mtihani wake, au amepokea Komunyo ya kwanza, au bibi ametimiza miaka 80, au bwana arusi na bibi arusi wametoka kanisani. Kwetu karamu ya namna hii hufanywa uani. Masufuria huazimwa kwa majirani, na wanawake huchambua mchele tangu jioni iliyotangulia. Mtu akisema kwamba atawachukua jamaa zake kwenda kula katika nyumba ya kuuza chakula, wazee humtazama sana, kisha wakamwuliza kama kwake hamna mafiga. Hatuwalaumu wazee. Lakini uko mji mmoja ambako kuwapeleka jamaa kula nje siku ya furaha lilikuwa jambo kubwa kuliko kushiba, na sheria yenyewe ilikuwa imeingia kati ya mtu na kiti chake. Habari za mji huo ndizo tunazotaka kuwasimulia.

Mji wenyewe ni New Orleans, katika jimbo la Louisiana, upande wa Kusini wa Marekani, si mbali na mahali ambapo mto Mississippi huingia baharini. Wafaransa waliuanzisha mwaka 1718, baadaye wakatawala Wahispania, na mwaka 1803 Marekani ikainunua nchi ile kwa Wafaransa. Katika miaka hiyo yote waliletwa Waafrika kwa nguvu, wakiwa watumwa. Wazao wa watu hawa wote waliochanganyikana pale huitwa Wakreoli, nao wana upishi wao wenyewe, na jeuri yao kidogo katika habari za chakula, kama tutakavyoona.

Katika mji huo kuna mtaa uitwao Tremé, ambao ni mmoja wa mitaa ya kale kabisa ya watu weusi katika Marekani. Watu weusi walio huru walinunua viwanja na kujenga nyumba zao pale hata kabla utumwa haujakomeshwa. Na katika njia iitwayo Orleans Avenue, kwenye kona, imesimama nyumba ya kulia chakula iitwayo Dooky Chase's. Ukiitazama kwa nje hutaona fahari ya mji mkuu. Ni nyumba ya kona ya mtaa, na watu wa mtaa ndio walioikuza.

Mwanzo wake ulikuwa mdogo, tena wa ajabu. Bwana Edgar Chase, aliyepewa na watu jina la utani la Dooky, alianza mwaka 1939 kwa kuuza mikate iliyojazwa nyama au samaki, pamoja na tiketi za bahati nasibu. Habari hii ya bahati nasibu twajua haitawapendeza baadhi yenu, wala hatuisifu; twaisema kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1941 yeye na mkewe Emily wakapageuza kuwa nyumba ya kulia. Mikate yao ilijazwa kamba au chaza wa kukaanga, nayo ilipendwa sana. Tena palikuwa na jambo jingine lililowavuta watu: siku ya Ijumaa, wafanyakazi weusi waliolipwa kwa hundi walikuja kubadilisha hundi zao pale na kupata fedha taslimu, maana milango ya mabenki haikuwa wazi kwao kama ilivyokuwa kwa wengine. Basi nyumba ikawa benki ya mtaa, na baraza la mtaa, na jiko la mtaa, yote pamoja.

Mwaka 1946 mwana wa nyumba ile, naye aliitwa Edgar, akaoa. Kijana huyu alikuwa mpiga tarumbeta, mwenye kundi lake la muziki. Mkewe aliitwa Leah Lange, na huyu ndiye mwenye habari zetu. Alizaliwa tarehe 6 Januari, 1923, siku ya Epifania, akakulia Madisonville, mji mdogo uliopo ng'ambo ya ziwa kubwa la Pontchartrain. Walikuwa watoto wengi katika nyumba isiyo na mali. Kwao hapakuwa na shule ya juu kwa mtoto mweusi Mkatoliki, kwa hiyo alipelekwa New Orleans kusoma kwa masista. Alipomaliza shule akapata kazi ya kuandalia watu mezani katika mtaa wa kale wa Kifaransa, yaani sehemu ya mji yenye nyumba za kulia za watu weupe.

Hebu tuitazame kazi hiyo. Binti huyu alibeba sahani, akatandaza vitambaa, akajifunza uma upi hukaa upande upi, na glasi ipi ni ya maji. Alijua kila kitu cha meza ile ila kimoja tu: kukaa kwenye kiti chake. Sheria za jimbo zilikataza watu weusi na weupe kula pamoja. Wengi wenu mwajua kwamba sheria za kuwatenga watu katika Marekani zilipata nguvu kwa hukumu ya mwaka 1896. Lakini labda hamjui kwamba hukumu ile ilitokana na mtu wa New Orleans, fundi wa viatu, jina lake Homer Plessy, aliyeketi mwaka 1892 katika behewa la watu weupe kwa kusudi, ili sheria ijaribiwe. Korti kuu ikasema kwamba kutenga si kosa, maadamu kila upande umepewa vilivyo sawa. Usawa huo ulikuwa wa maneno tu. Mtu mweusi aliyetaka kumlisha mwanawe chakula cha heshima siku ya kumaliza shule, alipita mbele ya milango mingi yenye taa, akaendelea na safari yake.

Bi Leah alipoingia katika nyumba ya wakwe zake, neno hili lilikuwa moyoni mwake. Aliona kwamba watu wake walikuwa na mahali pa kununua mkate na kuula wamesimama, wala hawakuwa na mahali pa kuketi kama wageni wa heshima. Akaanza kubadilisha. Akatandika vitambaa vyeupe. Akapanga visu na uma kama alivyoona kule alikokuwa mtumishi. Mpaka hapo watu walifurahi. Kisha akapita kiasi: akawapikia kambakoche kwa mapishi ya Kifaransa, yenye maziwa na siagi na jibini, kwa kuwa ndivyo walivyokula watu weupe. Wateja wakakitazama chakula kile, wakaona nyumba yao inapotea. Mwenyewe alikuwa akiisimulia habari hii kwa kucheka miaka mingi baadaye. Akaondoa kambakoche, akarudisha chakula cha nyumbani kwao: kuku wa kukaanga, wali na maharage mekundu, kamba waliojazwa, na gumbo. Lakini kitambaa cheupe hakukiondoa.

Twaona hapo alipata hekima kubwa. Watu wengi waliotoka katika unyonge hudhani kwamba heshima ni kula chakula cha mwingine. Bi Leah alitambua kwamba yatosha kula chakula cha mama yako, lakini ukiandaliwa vizuri, juu ya meza safi, na mtu anayekuita Bwana au Bibi. Neno hilo la Bwana na Bibi lilikuwa na uzito wake katika nchi za Kusini, ambako mzee mweusi mwenye mvi aliweza kuitwa mtoto na kijana mweupe wa miaka 20.

Basi jamaa za watu weusi wakaanza kuzileta furaha zao pale. Mtoto aliyepokea Komunyo ya kwanza aliletwa na nguo zake nyeupe. Waliofunga ndoa walikuja, na waliohitimu shule, na mabibi waliotimiza miaka mingi. Tuseme jamaa ya watu 12 wameingia Jumapili baada ya Misa. Meza zimeunganishwa. Bibi ameketi kwenye kichwa cha meza, maana huko pia wazee hutangulia. Vijana wamevaa tai, nao hawana raha nazo. Baba ameweka akiba ya fedha kwa wiki kadhaa, kila juma kidogo, na leo anaagiza bila kutazama bei. Au anatazama, lakini kwa upande wa jicho. Kwanza huja gumbo, baadaye kuku na mboga na viazi vitamu, na mwisho tamu ya mkate uliopikwa kwa maziwa na mayai. Mtoto anatazama kila kitu. Anamwona baba yake, ambaye kazini hupokea amri tangu Jumatatu hata Jumamosi, akiulizwa kwa adabu kama angependa wali zaidi. Jambo hilo halikuandikwa katika orodha ya vyakula wala halikuwa na bei, nalo nadhani ndilo lililowarudisha watu.

Sasa neno la gumbo, kwa kuwa akina mama watauliza. Gumbo ni mchuzi mzito unaoliwa na wali. Jina lake latoka Afrika. Wataalamu wengi wa lugha husema kwamba limetokana na neno la watu wa Angola la kutajia bamia, na lugha zile ni ndugu za Kiswahili; basi msidhani lina uhusiano na ng'ombe. Waafrika waliotekwa walifika na ujuzi wa bamia na wa kulima mpunga. Wafaransa wakaongeza desturi yao ya kukaanga unga wa ngano katika mafuta mpaka ugeuke rangi, ndio msingi wa mchuzi. Na wenyeji wa kwanza wa nchi ile, Wachoctaw, walikuwa wakikausha majani ya mti wa sasafrasi na kuyasaga yakawa unga wa kuzidisha uzito wa mchuzi. Katika sufuria ya Bi Leah waliingia kaa, kamba, chaza, mabawa ya kuku, nyama, na soseji za aina mbili. Chakula hiki ni historia ya nchi nzima, na sehemu ya historia hiyo ni ya machozi. Lakini ni kitamu.

Palikuwa pia na desturi ya Jumatatu, ambayo ni ya mji wote. Jumatatu ilikuwa siku ya kufua, na mama hakuwa na nafasi ya kusimama jikoni. Kwa hiyo aliteleka maharage mekundu na mfupa wa nguruwe uliobaki Jumapili, akayaacha yakichemka taratibu huku yeye akisugua nguo. Mpaka leo watu wa New Orleans hula maharage mekundu na wali siku ya Jumatatu, hata wale wenye mashine za kufulia. Twaipenda sana desturi hii, maana inamkumbuka mwanamke mwenye kazi.

Lakini sufuria kubwa ya Bi Leah ilikuwa ya Alhamisi Kuu. Siku hiyo kila mwaka alipika gumbo ya majani, iitwayo gumbo z'herbes. Kwa kuwa kesho yake ni Ijumaa Kuu, siku ya kufunga na kujinyima nyama, hiki kilikuwa chakula cha mwisho chenye nyama, na watu hawakuogopa kuijaza. Ndani yake hutiwa majani ya aina nyingi: sukuma, haradali, kabichi, spinachi, saladi, majani ya tanipu, ya bitiruti, ya karoti, na mengine yaonekanayo sokoni. Yote huoshwa mara nyingi mpaka mchanga uishe, huchemshwa, hukatwa au kusagwa, ndipo huchanganywa na nyama ya kuku, ya ng'ombe na ya nguruwe, pamoja na soseji. Wanawake wa kwetu wanaopika mlenda na kisamvu na majani ya kunde hawatakuwa wageni mbele ya sufuria hii, ila watashangaa kuona nyama nyingi hivyo ndani ya mboga.

Tena kuna sheria. Hesabu ya aina za majani isiwe shufwa. Iwe tano, au saba, au tisa. Bi Leah alitia tisa. Wazee husema kwamba kwa kila jani ulilokula utapata rafiki mmoja mpya katika mwaka ule. Najua mwalimu mmoja au wawili watakunja uso kwa kusoma hayo, wakidhani tunaleta ushirikina katika karatasi ya Wakristo. Sisi hatuoni hatari. Neno lenyewe halimtishi mtu wala halimwombi shetani kitu. Lamwambia tu mlaji kwamba mwaka ujao awe na nafasi ya watu zaidi mezani pake.

Nafasi hiyo ilikuwa na gharama. Katika miaka ya 1950 na 1960, wale waliopigania haki za watu weusi hawakuwa na mahali pa kukutana, hasa ikiwa kati yao walikuwamo watu weupe. Sheria ilikataza wasile pamoja. Bi Leah na mumewe wakawafungulia chumba cha juu. Alipanda ngazi mwanasheria Thurgood Marshall, ambaye baadaye alikuwa hakimu wa kwanza mweusi katika korti kuu ya Marekani. Alipanda Martin Luther King. Walipanda wale vijana wa mwaka 1961 waliosafiri katika mabasi, weusi kwa weupe, wakapigwa njiani. Walikula gumbo na kuku wa kukaanga, kisha wakashuka kwenda jela au barabarani. Mwenyewe alikuwa akisema kwa maneno yake kwamba yeye hakuwa mpiganaji, kazi yake ilikuwa kuwalisha. Ilipata siku bomu likatupwa kwenye nyumba ile. Walakini polisi hawakuthubutu kuingia na kuwatawanya wale waliokuwa juu, kwa sababu nyumba ilipendwa mno mtaani, nao waliogopa ghasia.

Hapo mtaona jinsi mambo yalivyopindika. Chini, jamaa wanasherehekea mtoto aliyepokea Komunyo. Juu, watu wanashauriana jinsi mtoto huyo atakavyoweza kuketi mahali popote atakapokuwa mtu mzima. Mwezi wa Septemba 1960 wanafunzi wachache, weusi na mweupe, waliketi penye meza ya chakula katika duka moja kubwa la New Orleans, wakakamatwa kwa kosa la kukaa. Kesi yao ilifika korti kuu, na mwaka 1963 hukumu yao ikafutwa. Tarehe 2 Julai, 1964, rais Lyndon Johnson akatia sahihi sheria iliyofungua nyumba zote za kulia chakula kwa watu wote.

Ilikuwa furaha kubwa, lakini ilikuja na hasara yake, ambayo husahauliwa na wasimulizi wengi. Watu weusi walipoweza kwenda popote, wengi walikwenda kweli, na nyumba nyingi ndogo za watu weusi zikakosa wateja, zikafungwa. Na katika miaka ile ile serikali ikapitisha barabara kubwa ya magari juu ya Claiborne Avenue, uti wa mgongo wa biashara za Tremé, ikang'oa miti mikubwa ya mialoni ambayo chini yake jamaa walikaa siku za sikukuu. Nyumba ya Chase ilibaki. Ilibaki kwa sababu ya gumbo, na kwa sababu ya Bi Leah, ambaye alizidi kufanya mambo yake ya ajabu.

Moja la ajabu lilikuwa picha. Alizipamba kuta za nyumba ya chakula kwa picha zilizochorwa na watu weusi, kama Jacob Lawrence, Elizabeth Catlett, na John Biggers. Yeye mwenyewe alikuwa amepita miaka 50 alipoingia kwa mara ya kwanza katika nyumba ya makumbusho ya sanaa, maana utotoni mwake milango hiyo pia haikuwa yake. Basi wateja wake hawakuhitaji kungoja kama alivyongoja yeye. Mtoto alitazama picha huku akivuta mguu wa kuku, wala hakuna mlinzi aliyemwambia asisogee. Baadaye picha ya Bi Leah mwenyewe, akiwa jikoni akikata maboga, ilitundikwa katika nyumba ya taifa ya picha za watu mashuhuri huko Washington.

La pili lilikuwa ulimi wake. Mwaka 2008 alikuja Bwana Barack Obama, wakati huo akigombea urais, akaandaliwa gumbo. Kabla ya kuionja akaitia pilipili ya chupa. Bi Leah akamkemea palepale, maana kutia pilipili katika gumbo yake bila kuonja ni kusema kwamba mpishi hakumaliza kazi. Yule bwana akapata urais, lakini kila walipotajwa pamoja watu walikumbuka ile pilipili. Marais wengine pia walikula pale, na waimbaji. Ray Charles aliitaja nyumba hiyo kwa jina katika wimbo. Wala hatusikii kwamba yeyote kati yao aliandaliwa kitambaa kilicho cheupe kuliko cha watu wa mtaani.

Tarehe 29 Agosti, 2005 ikaja tufani iliyoitwa Katrina. Kuta za kuzuia maji zikabomoka, na sehemu nane kati ya kumi za mji zikafunikwa na maji. Watu zaidi ya 1,000 wakafa. Nyumba ya kona ya Orleans Avenue ikaingiwa na maji, yakakaa, yakaharibu jiko na sakafu na kila kilichokuwa chini. Picha ziliokolewa na mjukuu, aliyezitoa na kuziweka mahali pakavu. Bi Leah alikuwa na miaka 82. Wengi wa umri ule wangesema, nimefanya kazi yangu, na tungewaitikia. Yeye na mumewe wakahamia katika nyumba ndogo ya bati, ya magurudumu, waliyopewa na serikali, iliyowekwa karibu na ile nyumba yao iliyoharibika, wakawa wakiitazama kila asubuhi.

Wapishi wa mji, weusi na weupe, hawakumwacha. Alhamisi Kuu ya mwaka 2006 ilipofika, jiko lake lilikuwa bado limekufa. Wakaandaa gumbo yake ya majani mahali pengine, wakauza chakula hicho, na fedha zikaenda kuijenga upya nyumba yake. Twafikiri kwamba hapo yale majani tisa ya kila mwaka yalileta hesabu yake. Mwaka 2007 nyumba ikafunguliwa tena.

Mumewe alifariki mwaka 2016, baada ya miaka 70 ya ndoa. Bi Leah aliendelea kuja jikoni, ameketi kwenye kiti chake, akionja na kuamuru na kuwauliza wageni wametoka wapi. Akafariki tarehe 1 Juni, 2019, naye ana miaka 96. Watoto na wajukuu wameishika kazi, na mjukuu mmoja amekuwa mkuu wa jiko.

Kwa hiyo msomaji wetu akisikia kwamba jamaa fulani huko Kusini mwa Marekani wamekwenda kwa Bi Leah kusherehekea mtoto aliyehitimu, asidhani kwamba kwao hamna mafiga. Bibi ameketi kichwani mwa meza, pengine ndiye yule aliyeletwa pale na nguo nyeupe za Komunyo mwaka 1950 na kitu, na picha ziko ukutani. Ikiwa ni Alhamisi Kuu hataletewa orodha ndefu ya vyakula; wote hula gumbo ya majani, na kuku wa kukaanga pembeni. Watoto huhesabu majani kwa vidole, wakibishana kama karoti ni ya kuhesabiwa au sivyo. Yakitimia tisa, kila mmoja anawiwa marafiki tisa mpaka Pasaka ijayo, na mwenye haraka aweza kumtafuta wa kwanza katika meza ya jirani.